Cha Tatu ni Makaa

Usiku wa Diwali, Ngara inapasuka.
Mimi nahesabu kwanza: mlio mmoja, wa pili, kimya.
Wa tatu ukija na rangi nyuma yake
najua si bunduki, naachia pumzi.
Ndivyo tunavyotazama fataki huku kwetu,
sikio kwanza, jicho baadaye.

Tosha, mbwa wangu, amejibana nyuma ya magunia.
Nyanchoka amepanda juu ya mkokoteni,
kitabu cha kemia kwapani,
anauliza, "Nani alianza ujinga huu mzuri?"

Namwambia, ulianza na mwanzi.
Mwanzi wa porini, kama ile inayoshuka Kinale
kwa malori, mafundi wa ghorofa waikanyage.
Mtu wa China, jina lake halikuandikwa,
aliutupa motoni ungali mbichi.
Hewa iliyofungwa kati ya fundo na fundo
ikatafuta mlango, ikaukosa, ikautengeneza.
Pa!
Mbuzi wakakata kamba.
Bibi mmoja akasema, "Hata shetani atakuwa amekimbia."
Kesho yake wakachoma mwingine, makusudi.

Miaka kama elfu, mwanangu, unga haujakuwapo.
Ni mwanzi tu na hasira ya hewa.

Kisha wakaja waganga wa wafalme
wakisaka dawa ya kutokufa.
Haya si yangu. Alinisimulia Jayantilal,
yule wa duka la dawa pale kona,
mteja wangu wa debe moja kila Ijumaa.
"Wenzangu wa kale," alikuwa akisema, "walikosea kipimo."
Walichemsha asali, wakatia kiberiti,
si hiki cha njiti, kiberiti chenyewe,
jiwe la njano linalonuka yai viza,
wakatia na shura, ile chumvi nyeupe
inayochanua kwenye kuta za zizi na choo.
Nyusi zikaenda. Ndevu zikaenda.
Nyumba ikaenda.
Mfalme akafa siku yake, kama mtu yeyote.

Wakaandika onyo: msichanganye.
Na binadamu akiandikiwa onyo, unamjua.

Asali ikaachwa. Cha tatu ni makaa.
Jayantilal alinyoosha kidole kwenye gunia langu,
kidole kisafi cha mhesabu vidonge:
"Mama Nyanchoka, hakuna nyota inayopanda
bila kupitia kwako."
Miaka kumi na tisa naitwa "wewe wa makaa."
Usiku ule niliosha mikono polepole sana.

Unga ukaingia kwenye mwanzi, halafu kwenye karatasi,
ukafungwa kwenye mshale, ukajifunza vita.
Ukasafiri. Waarabu wakaiita shura theluji ya China.
Sisi tukapokea neno, baruti,
limechoka kwa safari, limeshaua.
Rangi zilichelewa. Karne kwa karne
fataki zilikuwa za manjano na nyeupe tu,
cheche za jiko zilizopewa urefu.
Nyekundu na kijani ni za juzi,
na buluu, asema Nyanchoka, ndiyo ngumu kuliko zote:
kitabu chasema inataka shaba, na moto usizidi.

Jayantilal alikufa mwezi wa nne.
Duka sasa linauza vifuniko vya simu.
Wajukuu zake ndio hao juu ya paa,
wanarusha, wanapiga kelele, wanarusha.
"Dawa ya kutokufa," nataka kufanya mzaha,
sauti inanikwama.

Saa tano kasoro stima inapotea.
Nyanchoka anashuka. Tosha hatoki.
Nawasha jiko, kaa moja ambalo halikuiva tanuruni
linapasuka: pa.
Cheche tatu, zinafika kiunoni, zinazimika.
"Hiyo," nasema. "Ya kwanza ilikuwa kama hiyo."
Hajibu. Anafunika sufuria ya chai
kwa kitabu cha kemia, majivu yasiingie.